Kumfuata Mumbi Aliye Hai Hadi Dirma

Safari hii ilianza kwa ubishi, na aliyeuanzisha ni mimi. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga bado, ndiyo kwanza umemegwa kutoka Arusha, na pale Babati kulikuwa na ukumbi mpya unaosubiri kufunguliwa. Kamati ya ukumbi ilitaka ukuta wa mbele upambwe kwa picha za ndege wa mkoa. Niliitwa kwa kuwa ni mzaliwa wa Mbulu na ni mchoraji. Kabla kiwanda cha nguo hakijabinafsishwa na mashine zake kunyamaza, nilikuwa nachora kanga na vitenge. Baada ya hapo nikaishi kwa kuchora mabango ya maduka na saluni pale Arusha. Nasema bila haya kwamba mkono wangu ni mzuri. Wanawake wengi wamejifunga maua yangu kiunoni bila kujua yametoka kwa nani, maana kwenye kanga hakuna anayeandika jina la mchoraji.

Nilipofika kwenye kikao nikakuta ukuta umeshapata mwenyewe. Mama mmoja Mjerumani, mtu wa makamo na mpole, alikuwa ameleta zawadi ya picha za ndege kutoka enzi za babu yake. Babu huyo alikuwa kapteni wa jeshi. Alizunguka Mbulu na Hanang akipiga ndege risasi, akiwachuna, akiwajaza pamba na kuwapeleka Ulaya kwenye masanduku. Huko mchoraji ambaye hajawahi kukanyaga nchi hii aliwatoa sandukuni, akawalaza mezani, akawachora mmoja mmoja. Kwenye picha kadhaa jina la kapteni lilikuwa limepachikwa ndani ya jina la ndege, kana kwamba ndege yule alizaliwa siku aliyopigwa.

Wajumbe walizisifu sana zile fremu. Mimi nikasimama mbele ya picha ya mumbi, ndege mweusi mkubwa kama bata mzinga, mwenye mdomo mnene uliopinda. Chini yake paliandikwa kwamba amepatikana Mlima Hanang. Mchoraji alikuwa amemkalisha juu ya kijiti chembamba ambacho hata shomoro angekiogopa, shingo imenyooka, jicho halina habari na mtu. Mumbi nilimwona utotoni kwa mbali, akivuka shamba la baba, na ninachokumbuka ni mwendo wake. Alitembea kama diwani anayekagua mradi.

"Huyu amekufa," nikasema.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Bura, alicheka. "Dada Paskalina, hawa wote wamekufa. Ni wa zamani."

"Aliwachora akiwa hajawaona wakiwa hai. Na sisi tunawaweka ukutani kwetu, watoto waje waambiwe hawa ndio ndege wenu."

"Basi tuletee aliye hai kabla ya kufungua. Ukileta, ukuta wa mbele ni wako na jina lako litaandikwa. Usipoleta, hawa wanapanda."

Nikakubali papo hapo. Jina langu lilikuwa halijawahi kuandikwa chini ya kazi yangu yoyote, na nililitaka pale ukutani kwa moyo wote. Sikutaka kujifanya mnyenyekevu wakati ule, na sijifanyi sasa.

Nyumbani Arusha nilijiandaa kama tulivyokuwa tukijiandaa kiwandani. Mchoraji wa kitambaa hachanganyi rangi mbele ya mashine. Huzichanganya mapema kwa kufuata sampuli, akazifunga kwenye makopo, ikifika siku ya kuchapa ni kumimina tu. Nilikuwa na nakala ya ile picha ya mumbi, nikaifanya sampuli. Nikachanganya nyeusi yenye ubluu kidogo, kijivu cha mdomo, kahawia ya koo, nikatia kila moja kwenye kikopo cha filamu ya kamera na kukifunga kwa gundi. Mrija wa rangi nyekundu niliuacha mezani, kwa sababu kwenye sampuli nyekundu haikuwepo. Nilikuwa nimeupinga mkao wa ndege yule mbele ya kamati nzima, na rangi ya koo lake nikaiamini bila swali.

Mbulu niliingia jioni, baridi imeshashuka na watu wamevaa masweta. Asubuhi nikaendelea hadi Bashay kwa shangazi yangu Monika, dada mdogo wa baba. Nilimkuta bandani akikamua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika bila kuacha chuchu ya ng'ombe.

"Nimesikia umeacha kuchora kanga unachora mandege," akasema. "Kanga angalau mtu anavaa."

"Shangazi, nisaidie badala ya kunicheka. Mumbi anapatikana wapi siku hizi?"

"Hapa kwetu tumelima kila mahali, atakaa wapi? Nenda Dirma. Martha ameolewa kule, kwa Wabarabaig. Yule binti wa jirani yetu pale chini, mlisoma na dada yake. Alipokuja kusalimia alisema kwao wanawasikia kila alfajiri."

Nililala kwake usiku mmoja. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, akanieleza habari za mazao na za kila aliyezaa, na asubuhi akanifungia mfuko wa maharage mekundu nimpelekee Martha. Aliponisindikiza hadi njia panda alinishika mkono. "Ukifika usitoe makaratasi yako kabla hujanywa maziwa yao. Wewe una haraka tangu utotoni."

Kutoka Bashay nilipata lori la wafanyabiashara wa mnada, nikaketi mbele na dereva. Njia ile inashuka kutoka kwenye vilima vyetu vya mashamba madogo, halafu nchi inafunguka ghafla na Mlima Hanang unabaki peke yake mbele yako, kilele kimejifunika wingu. Tulipita mashamba ya ngano yaliyolimwa zamani na serikali. Wakati ule habari ilikuwa ni nani atauziwa na nani atarudishiwa, na katikati ya ngano iliyochoka ng'ombe walikuwa wakila bila kumwomba mtu ruhusa. Dereva aliniambia miti mikubwa ya pale iling'olewa kwa minyororo ya matrekta. Nikafikiria ndege anayehitaji tundu la mti mkubwa ili atage. Sikufurahi.

Katesh nilishukia mtaa wa Jorodom, nikalala kwenye nyumba ya wageni iliyo safi kuliko nilivyotegemea. Mji ulikuwa umejaa bidhaa. Utotoni sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na sasa vibanda vilikuwa na redio, viatu vya plastiki, mafuta ya nywele, vipodozi vya kila rangi. Nilinunua majani ya chai na sukari ya kupeleka, nikapumzika. Sikununua rangi. Niliona sina haja.

Dirma nilifika mchana kwa lifti ya baiskeli na miguu yangu mwenyewe. Martha alinitambua kwa sura ya familia, akapokea maharage, akacheka aliposikia utani wa shangazi. Kisha akanipeleka kwa mama mkwe wake, Bibi Udahayi, mwenye mji ule, yaani boma la ukoo wao. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake ya tembe akishona ngozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka mbali. Kunywa kwanza."

Nikanywa maziwa kutoka kwenye kibuyu, yakiwa na ile ladha yake ya moshi, nikanywa tena, nikafuata shauri la shangazi mpaka mwisho. Ndipo nikaeleza kazi yangu.

"Wewe unachora?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ukimaliza, unapeleka wapi?"

"Babati. Kwenye ukumbi wa mkoa."

"Basi huchori." Alisema kwa upole, akaendelea kushona.

Nilidhani sijasikia vizuri. Martha akanichukua pembeni, tukakaa karibu na zizi, akanieleza. Wazee wa mji huu ndio waliomwonyesha mumbi yule kapteni wa Kijerumani. Alikuja kama mgeni, akapewa maziwa, akauliza habari za ndege, na kwa heshima ya mgeni wakampeleka hadi mahali ndege wanapotembea. Alipiga dume pale pale mbele yao, akamtia sandukuni. Mumbi kwa watu wa mji huu ni ndege wa mvua, haguswi, na vijana wao ndio waliolazimishwa kubeba lile sanduku. Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa ameshaolewa, wakaja watu wengine na karatasi kubwa na vyuma vya kupimia. Wakachora malisho, wakashukuru, wakaondoka. Karatasi ilikwenda mjini, na karatasi iliporudi ilirudi na matrekta.

"Mama anasema mtu akichora kitu hapa na kuondoka na mchoro, kile kitu kinamfuata," Martha akasema. "Usikasirike, dada."

Nilikasirika hata hivyo. Nilikasirika kwa sababu nimetoka mbali na ukuta unanisubiri, na nilikasirika zaidi kwa sababu sikuwa na hoja. Kamati ile ingechukua picha kwa furaha na kuusahau mji huu siku hiyo hiyo. Kapteni naye hakuandika jina la aliyemwonyesha njia. Aliandika Mlima Hanang, basi.

Jioni tulipokuwa tunakula nikamwambia Bibi ukweli ulivyo. Kwamba nisipoleta picha, ukutani atapanda yule yule aliyechukuliwa hapa, akiwa na kijiti chake, na watoto wa mkoa mzima watafundishwa kwamba mumbi yuko hivyo. Nikamtolea nakala. Aliishika akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa nyuma, akaitazama tena mbele.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Wamemtesa," akasema. Akanirudishia, akaenda kulala.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, aliniamsha mwenyewe kwa kugonga mlango kwa fimbo. "Utachora," akasema. "Ile utakayochora ukimwangalia yeye, hiyo inakaa hapa, kwangu. Watu wa Babati wachoree nyingine, kwa kuangalia hiyo. Umenielewa?"

Nilielewa, nikakubali, na wakati ule niliona ni sharti jepesi.

Tulitembea yeye, Martha na mimi hadi ukingo wa shamba la zamani la ngano. Sauti ilitangulia, nzito na ya chini, kama ngoma inayopigwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kisha wakatokea watano kwenye majani mafupi, wakitembea kwa mstari uliolegea, wakigeuza vinyesi vya ng'ombe kutafuta wadudu. Hawakutujali. Walikuwa wakubwa kuliko nilivyokumbuka, kope zao ndefu kama za msichana wa harusi. Dume aliyekuwa mbele aligeuka upande wetu, na jua likampiga kooni.

Koo lilikuwa jekundu. Jekundu la kuwaka, uso mzima na ule mfuko wa ngozi unaoning'inia, ukijaa upepo na kupungua kila alipotoa sauti. Hapakuwa na kahawia hata chembe. Ndipo nikaelewa kwamba ngozi ile ikikauka hufa rangi, na mchoraji wa Ulaya alichora kwa uaminifu kabisa kile alichokuwa nacho mezani. Mimi nami nikaipika kahawia ile ile jikoni kwangu, nikaifunga kwa gundi.

"Vipi, huchori?" Bibi akauliza.

"Sina nyekundu, mama."

Ilibidi niseme mara mbili. Martha alinitazama kama mtu aliyekwenda kuteka maji bila ndoo. Halafu akaanza kucheka, akafungua pochi iliyoning'inia shingoni mwake, akatoa lipstiki aliyoinunua mnadani Katesh. "Hii nilikuwa naiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu," akasema. "Usiimalize."

Nilichora nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, nikisogea kila waliposogea. Nyeusi niliimimina kutoka kwenye vikopo, ikakaa vizuri. Nyekundu niliipaka kwa kidole, nikaisukuma kwa ukucha kufanya mikunjo ya ngozi. Nilimchora dume katikati ya hatua, mguu mmoja juu, na nyuma yake wenzake, na nyuma yao ng'ombe wa Bibi, kwa sababu walikuwepo. Hakuna sampuli iliyowahi kunifundisha kuchora hivyo. Walipoinuka na kuruka, wakifungua yale manyoya meupe ya mabawani, nilikuwa nimemaliza. Nilijua pale pale, magoti yakiniuma, kwamba sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Mchana na kesho yake nilinakili, nimeketi kwenye kivuli cha tembe. Nakala ilitoka safi. Kwa macho ya mtu mwingine zilifanana kabisa, lipstiki ile ile, ndege wale wale. Mimi niliona tofauti kila nilipotazama. Ya kwanza ilikuwa na vumbi ndani ya rangi na mguu ule ulikuwa kweli unakwenda mbele. Ya pili ilikuwa kazi ya mtu anayejua kunakili, na kunakili ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote kiwandani.

Siku ya kuondoka nilizitandaza zote mbili juu ya ngozi ya ng'ombe. Bibi akaja, akainama, akazitazama. Alipeleka kidole kwenye hii, akapeleka kwenye ile.

"Mimi sizijui," akasema. "Unajua wewe. Nipe yangu."

Nitasema nilichohisi, maana ndicho kilichoniandikisha masimulizi haya. Nilitaka ile ya kwanza mpaka mikono ikawa ya moto. Niliwaza ukuta, taa, jina langu chini ya kazi bora ya maisha yangu, na hapa nyumba ya giza na moshi ambamo haitaonwa na mtu. Nikawaza pia kwamba hakuna atakayejua. Bibi alisubiri, wala hakunitazama usoni, alikuwa akimfukuza ndama aliyetaka kulamba karatasi. Kapteni naye alisimama mbele ya watu wa mji huu waliomwamini, akachukua kilicho bora. Nikaona kwamba nikibeba ile ya kwanza, nitakuwa nimetoka Arusha kumkosoa mtu kisha nimemaliza kazi yake.

Nikampa ya kwanza. Akaipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani. Martha akaifunga nakala kwa kitambaa, na lipstiki yake nikamrudishia ikiwa imebaki kidogo tu chini. Alisikitika, na kwa haki.

Babati nilifika kabla ya siku ya kufungua. Bwana Bura alikunjua kitambaa, akaita wajumbe wengine. Mmoja alisema nyekundu ile imezidi. Nikamwambia aende Dirma akabishane na ndege. Wengine waliuliza ng'ombe wanafanya nini kwenye picha ya ndege, nikawaambia wanakula. Basi ikapanda ukutani mbele, na chini yake jina langu, na chini ya jina langu, kwa sharti nililolitoa mimi, likaandikwa jina la mji wa Bibi Udahayi wa Dirma. Zile fremu za kapteni zilikwenda ukuta wa pembeni. Niliomba paandikwe kwamba ndege wale walichorwa wakiwa wamekufa, na Bwana Bura akaandika.

Siku ya kufungua, yule mama wa Kijerumani alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, cha polepole. Aliniuliza kama angeweza kuinunua.

"Hii ni nakala," nikamwambia.

"Ningependa ya asili, basi. Ipo wapi?"

"Ipo Dirma. Haiuzwi. Ukitaka kuiona, nenda ukawaamkie wenyewe. Wakikupa maziwa, kunywa."

Hakuchukia. Aliniuliza njia, nikamchorea.

Arusha nilirudi na wateja wawili wapya na mikono yenye wekundu usiotoka kwenye kucha. Nilichojifunza sikukipata kwenye rangi. Nilidhani kosa la picha zile za zamani ni mkono mbaya, na mkono wangu mzuri utalisahihisha. Yule mchoraji wa Ulaya alikuwa hodari kuliko mimi. Kosa lilikuwa katika kitu kilichochukuliwa kwa wenyewe na kutorudishwa, na dawa yake haikuwa kuchora vizuri zaidi. Siku hizi nikiitwa kuchora mahali, naacha ya kwanza pale pale. Wateja wengine wananiona nimechanganyikiwa, na wanarudi hata hivyo.

Baada ya mvua shangazi Monika alikuja kutibiwa jino, akaniletea salamu za Martha. Yule mama wa Kijerumani alikwenda Dirma. Alimwamkia Bibi, akanywa maziwa, akaonyeshwa picha ndani ya nyumba kwa mwanga wa mlangoni, akakaa chini kabisa mbele yake. Kisha Bibi akamuuliza yule mumbi waliyemchukua yuko wapi sasa. Mama yule alisema ukweli, kwamba amemwona mwenyewe kule kwao kwenye makumbusho, amelazwa ndani ya droo, mguuni amefungwa kikaratasi. Akaanza kulia.

Bibi Udahayi alimwacha alie hadi akamaliza, akamwongezea maziwa. Mgeni alipokuwa anaondoka, Bibi alimsindikiza hadi nje ya mji.

"Ukifika, fungua hiyo droo," akamwambia. "Mwambie wenzake wapo."